Kuinama kwa Pili

Tarakkol, kisiwani
Mwezi wa tatu wa kalenda ya wazee, siku tuliyomwaga mbegu za mpunga kitaluni

Mdogo wangu mpendwa, Baba Askofu,

Salamu nyingi zikufikie huko mjini. Hujambo? Kikohozi kimekwisha? Unakula chakula cha kueleweka, au ni chai na wageni kutwa? Sisi huku tunaendelea. Mimi mgongo tu, na Baba ana nguvu za kunigombeza asubuhi hadi jioni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Bahasha nimeandika "Mhashamu Askofu Barnaba Maeng" kama ulivyoagiza, ili karani wako asicheke. Lakini humu ndani wewe ni Gettong. Marehemu Mama alikuita hivyo, Mavi ya Mbwa, ili mauti ikuone takataka ikupite, na imekupita, basi liheshimu jina lako.

Kilichonikalisha niandike ni Baba. Unajua tangu tumzike Mama amekuwa akienda kanisani. Mwaka jana Padre Tak alipombatiza, kijiji kizima kilishika mdomo. Mzee Maeng! Huyu huyu aliyekufukuza ulipokwenda seminari, akasema mwanawe wa kiume wa pekee anauzika ukoo kwa kukataa kuoa! Siku ulipowekwa wakfu kuwa askofu hakuja, alisema anaezeka banda la ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe tulishamuuza.

Sasa kila Jumapili, watu wakiinuka kwenda kupokea mkate na divai, yeye anatoka nje. Anasimama chini ya kengele na kiko chake. Mimi nilidhani ni ukaidi tu. Juzi nikamuuliza.

"Sijapata kipaimara," akasema. "Nipokee kama nani?"

"Si upate, Baba?"

"Kipaimara anatoa nani?"

"Askofu."

"Na askofu ni nani?"

Hakungoja nimjibu. Akasema, "Baba gani anampigia goti mwanawe? Na mtoto gani anamshika baba yake kichwani?" Akavuta kiko, kisha akasema polepole, "Nimekula chungu kimoja na mama yako tangu nina miaka kumi na sita. Mkate ule tu ndio aliokula peke yake."

Nilikwenda kulia jikoni, nikasingizia moshi. Gettong, wewe ndiye msomi. Tufanyeje?

Dada yako mkubwa,
Okbun


Uaskofuni
Jumatatu baada ya Pasaka, 1974

Dada yangu mpendwa,

Kristo amefufuka. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na mgongo umepata nafuu. Tafadhali usibebe maji mwenyewe. Mimi kikohozi kimebaki kidogo, na kweli nakunywa chai nyingi mno.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sikujua kwamba Baba anasimama nje chini ya kengele. Nilidhani haamini, na kwamba ubatizo ule ulikuwa ni kumridhisha marehemu Mama.

Kanuni siwezi kuipindisha. Asiye na kipaimara hapokei, na kipaimara hutolewa na askofu kwa kumwekea mkono kichwani mtu aliyepiga goti. Mimi ni mzaliwa wa kwanza wa nchi hii kukalia kiti hiki. Aliyenitangulia alirudi kwao Uingereza akaniachia joho lisilonitosha mabegani, na wazee wa sinodi wananitazama kila siku waone ni wapi nitajikwaa. Nikimfanyia baba yangu mwenyewe upendeleo, nimekwisha.

Lakini kuna njia nyepesi. Askofu wa dayosisi jirani ni rafiki yangu. Nitamwomba aje Tarakkol badala yangu. Baba atampigia goti mtu baki, hakuna atakayevunjiwa heshima.

Msalimie sana. Mwambie namwombea.

Mdogo wako,
Barnaba


Tarakkol
Mwezi wa nne, na mwaka huu kalenda inaurudia, kwa hiyo tutauchoka

Gettong wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Vitunguu saumu vimekubali, na nyuki wa Padre Tak wamemuuma Padre Tak.

Nilimsomea Baba habari za rafiki yako. Lo! Laiti ungekuwepo. Aliweka kijiko chini. "Nina mwana askofu," akasema, "halafu nikaazime askofu kwa jirani? Kama kuazima nyungo? Watu wa kisiwa hiki watasema nini, kwamba mwanangu ananionea aibu au mimi namwonea yeye?" Akasusa kula. Jioni nikamwona kibarazani anakula viazi kwa kujificha, lakini kususa amesusa.

Sasa sikiliza ushauri wa mwanamke asiyesoma seminari. Siku ukija, mbele ya watu wote, kabla ya ibada, mwinamie Baba kama tunavyowainamia wazazi mwaka mpya. Magoti chini, mikono chini, kipaji cha uso chini. Ukishamwinamia kama mwana, yeye atapiga goti kama Mkristo. Atakuwa amelipwa heshima yake mbele ya kijiji. Nimemdokeza. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana, na wewe unamjua, kwake hiyo ni sherehe.

Niambie upesi.

Dada yako,
Okbun


Uaskofuni
Sikukuu ya Mtakatifu Barnaba, 1974

Dada yangu mpendwa,

Salamu katika siku ya msimamizi wangu. Afya yangu njema. Asante kwa mwani uliokausha, nimewagawia mapadre na wameusifu.

Kuhusu ulichoshauri, nimekosa usingizi. Dada, siwezi. Nikiwa na joho na fimbo ya kiaskofu, nikilala kifudifudi mbele ya mwanadamu ndani ya kanisa, kesho yake itakuwa kwenye meza ya sinodi. Tayari wapo wanaosema kwamba mimi nitawarudisha watu kwenye kuinamia mizimu. Watu wa makanisa ya jirani hawainamii hata jeneza. Wananisubiri kwa hamu.

Lakini nyumbani ni nyumbani. Nitakuja Jumapili ya kwanza baada ya sikukuu ya mavuno. Nitafika mapema, nije kwanza kwetu, nimwinamie Baba chumbani kwake kama inavyopasa. Kisha twende kanisani pamoja. Je, hiyo haitoshi?

Na kwa kuwa ni wewe, nikuambie. Siku ile waliponiwekea mikono, kila mlango ulipolia niligeuka. Maaskofu watatu wamenishika kichwa, mimi natazama mlango kama atatokea mtu mwenye kofia nyeusi ya singa za farasi na koti jeupe. Nina umri wa miaka arobaini na tisa, na bado naumia.

Mdogo wako,
Barnaba


Tarakkol
Mwezi wa nane, kesho yake baada ya wewe kuondoka

Barnaba,

Sikusalimu. Afya yako nimeiona kwa macho.

Ulisema utafika mapema uje kwanza nyumbani. Tulifagia ua. Baba alikaa chumbani tangu alfajiri, amevaa koti jeupe, mgongo wima, anakungoja umwinamie. Kivuko kikachelewa, sawa, mawimbi si yako. Ukapitiliza moja kwa moja kanisani kwa sababu watu walikuwa wamekwisha jaa, sawa. Akaletewa habari kwamba umeshavaa joho. Mimi nikasema basi, leo hatoki. Akasimama akasema, "Twende." Bila kuinamiwa, Barnaba! Alikwenda hivyo hivyo!

Alijipanga mwisho wa mstari, nyuma ya wale wasichana wa Mama Ki. Na alivua kofia. Umewahi kumwona Baba mbele ya watu bila kofia? Mimi binti yake, ninayemfulia soksi, sijawahi. Watu walitazama pembeni kwa heshima.

Ukaja, unaweka mkono, unasali, unasogea. Wasichana wote. Ukafika kwake. Ukamtazama. Kisha ukageuka ukarudi kwenye kiti chako.

Ulimruka. Baba yako. Kama mtu anavyoruka dimbwi.

Alivaa kofia akatoka. Hakwenda kwenye kengele, alikwenda nyumbani. Nawe ulipokuja kutuaga, ukaambiwa amelala, ukafurahi. Usibishe, nilikuona ukishusha pumzi.

Okbun


Uaskofuni
Sikukuu ya Mtakatifu Luka, 1974

Dada yangu,

Nakusalimu hata kama hutaki. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaitia barua hii jikoni.

Alikuwa amesimama. Wote walikuwa wamepiga goti, yeye amesimama, mkono kwenye kizuizi cha madhabahu, ananitazama machoni. Nilimngoja. Naapa nilimngoja. Nikadhani ananiambia kwa macho: nimekuja, nimevua kofia, lakini goti silipigi. Nikafikiri, nikimwambia mbele ya watu "piga goti," nimemuua. Nikimwekea mkono akiwa amesimama, watasema askofu ana kanuni moja ya watu na nyingine ya baba yake. Basi nikamwacha. Nilidhani namwokoa na aibu. Nilidhani atanishukuru.

Kweli niliogopa. Na kweli nilipoambiwa amelala nilipumua. Huna mahali ulipokosea.

Amesema nini? Tafadhali niambie amesema nini.

Mdogo wako,
Barnaba


Tarakkol
Mwezi wa kumi, kabichi zote zimekwisha tiwa chumvi

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima, mikono tu imeumuka kwa pilipili na maji baridi.

Umeuliza Baba amesema nini. Hajasema kitu. Jumapili haendi tena. Tangu siku tulizokuwa tunatengeneza kimchi, zile kabichi za pilipili za majira ya baridi, ameanza kulala mchana, na sasa halali mchana tu, amelala moja kwa moja. Anakunywa uji wa mchele kidogo. Daktari wa ng'ambo alikuja akasema ni uzee, kana kwamba hatujui.

Padre Tak anakuja kumwombea. Baba anamsikiliza, kisha anamuuliza habari za nyuki.

Sikulaumu tena, nimechoka kukulaumu. Njoo tu.

Dada yako,
Okbun


Uaskofuni
Jumapili ya tatu ya Majilio, 1974

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mikono imepona. Nimekutumia mafuta ya kupaka, na mizizi ya jinseng kwa ajili ya Baba, mchemshie na tende. Pia blanketi la sufu, jepesi lakini lina joto.

Natamani kuja kesho. Lakini kuna ibada za Krismasi katika parokia tano, na mara baada ya Epifania sinodi inakutana, na ajenda yao unaijua. Nitakuja wakimaliza.

Nimeandika hayo, nikayasoma, nikaona haya. Ukweli ni kwamba sijui nitaingiaje chumbani mle. Amelala, na mtu aliyelala hainamiwi, ni kumwita maiti. Basi nitaingia nifanye nini? Nikae tu nimtazame, mimi niliyemruka? Nipe muda kidogo.

Mwambie Baba namsalimu.

Mdogo wako,
Barnaba


Tarakkol
Mwezi wa kumi na mbili, barafu imeanza kuonekana mlangoni mwa bahari

Gettong,

Hujambo. Sina nafasi ya salamu ndefu, kijana wa posta anangoja kivuko, na kivuko huenda ndicho cha mwisho.

Jana nilikuwa namkanda Baba magoti kwa maji moto. Yamevimba kama maboga, hayakunjiki wala hayanyooki. Nikamuuliza, "Haya yamekuwa hivi tangu lini?" Akasema tangu kabla ya mavuno. Nikashangaa, mbona hukuniambia? Akasema angeniambia ningemzuia kwenda kanisani.

Akayatazama magoti yake. Halafu akasema, "Siku ile nilikuwa nashuka."

Nikamuuliza kushuka wapi.

"Nashuka," akasema. "Nimeshika ule ubao. Goti la kulia lilikataa, nikawa nalibembeleza. Nikamtazama mtoto anisubiri kidogo. Akaondoka."

Gettong, hakugoma. Alikuwa anashuka! Siku ile alipovua kofia mbele ya watu, alikuwa ameshaamua, hakuhitaji kuinamiwa na mtu. Tulidhani magoti yake yana kiburi, kumbe yanauma. Nilimuuliza, "Kwa nini hukusema, Baba? Amekuwa akijitesa huko." Akasema, "Askofu ana kazi nyingi. Sikutaka ajue kwamba alikosea mbele ya watu."

Njoo. Acha sinodi, acha kila kitu. Ameniagiza nikuambie: usiogope kwamba amelala, ukifika yeye atakaa, umwinamie mtu anayeishi. Nimemnyoa. Kofia ameiweka pembeni, hataki kuivaa. Anasema, "Mkono wake utapita wapi kama nimevaa?"

Njoo leo.

Dada yako,
Okbun


Tarakkol
Siku za mwisho za mwezi wa kumi na mbili

Mdogo wangu,

Umefika salama? Miguu ile uliyolowesha barafuni, umeikanda? Tumerudi kutoka kaburini, wageni wamekwenda, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hapa hatukuweza kusemezana, na kwa sababu kuna jambo nataka kukuuliza.

Kwanza nikueleze ambacho hukukiona. Mwenye kivuko alipotuma salamu kwamba uko ng'ambo, umekesha kibandani kwake unangoja mapande ya barafu yaachane, nilimwambia Baba. Akasema, "Nikalishe." Nikamkalisha, nikamwegemeza kwa magodoro na blanketi lako, ameelekea mlangoni. Asubuhi ikawa. Nikamwomba alale kidogo, nitamwamsha akusikie. Akanigombeza! Sauti ile ile! "Akinikuta nimelala ataniinamiaje?" Nikaenda jikoni kuchochea moto. Niliporudi alikuwa amekaa vile vile, ametazama mlango, amekwisha kufa. Mimi ndiye niliyemlaza.

Ukaingia mchana na matope hadi kiunoni. Tulikuwa wote chumbani, wazee wa ukoo, Padre Tak, Mama Ki. Ukapiga magoti ukainama mpaka kipaji kikagusa sakafu. Ukasimama. Sote tukangoja. Aliye hai anainamiwa mara moja, aliyekufa mara mbili, hilo mtoto wa miaka mitatu analijua. Tukangoja ya pili. Hukuinama. Ukatambaa kwa magoti mpaka kichwani pake, ukaweka mkono, ukasali sala yote ya kipaimara, kwa sauti, na jina lake ukalitaja. Ukamwekea mkate midomoni.

Padre Tak alitazama dari. Mjomba akaninong'oneza, "Amechanganyikiwa, amesahau ya pili." 

Kuna maneno. Padre Tak hasemi, lakini msimamizi wa kanisa amekwisha wapelekea watu wa sinodi: askofu amempa maiti kipaimara. Watakuuliza. Basi na mimi nakuuliza, maana mimi ni dada yako na nina haki kabla yao. Ulisahau?

Dada yako,
Okbun


Uaskofuni
Jumatano ya Majivu, 1975

Dada yangu mpendwa,

Hujambo, na mgongo? Umekula mwaka mpya wa kalenda ya wazee, au umekaa gizani? Mimi miguu imepona, kidole kimoja tu hakina hisia. Leo nimewapaka watu majivu kutwa nzima na mikono yangu bado myeusi, utaona alama kwenye karatasi.

Sinodi imekwisha niita. Waliniuliza ni kanuni ipi inayomruhusu askofu kumwekea mkono aliyekufa. Nikawaambia hakuna. Wakaniuliza kama natubu. Nikawaambia natubu kwa kumruka alipokuwa hai, kwa kuogopa nyuso zao, na hilo wakitaka waliandike. Mzee mmoja alilia. Wengine hawakulia. Watakutana tena baada ya Pasaka, na huenda joho hili likapata mabega mengine. Nimeshangaa kuona kwamba nalala vizuri.

Sikusahau, Dada. Nilipoingia nilijua amekufa, harufu ya ubani ilinifikia uani. Lakini alikuwa ameahidi kunipokea akiwa mtu anayeishi, na alikaa mpaka mwisho aitimize. Mimi nilikuwa nimechelewa, si yeye. Ningeinama mara mbili ningekuwa namuaga. Sikuwa nimekwenda kumuaga. Nilikwenda kumsalimia baba yangu, na kumngoja ashuke.

Jana ilikuwa mwaka mpya. Nilisikia watoto wa karani chumba cha pili wanamwinamia baba yao, mara moja moja, wanacheka, wanadai keki za mchele. Nikafunga mlango wangu nikalia kama mtoto.

Ya pili bado nadaiwa. Nitakuja Jumatatu ya Pasaka, nikiwa bado askofu au sivyo. Nitakuja kanisani kwanza, mbele ya wote, kisha twende wote kaburini, kwake na kwa Mama. Nikiwa na joho nitainama na joho. Nikiwa sina, nitainama na kanzu. Lakini mpaka siku hiyo, Dada, nakuomba mtu asinihimize. Nikishainama ya pili atakuwa amekufa.

Kofia yake usiigawe.

Mdogo wako,
Gettong